Posho Yenye Ukomo: Wazee Wakimbizi Nchini Marekani

Sheria ya Hifadhi ya Jamii aliyoisaini Rais Franklin Roosevelt mwaka 1935 iliyapa majimbo ya Marekani fedha za kuwasaidia wazee maskini na vipofu. Watu wenye ulemavu wa kudumu waliongezwa mwaka 1950. Hata hivyo kila jimbo lilijipangia viwango na masharti, hivyo riziki ya mzee ilitegemea anaishi wapi. Mwaka 1972 Richard Nixon alisaini sheria iliyokabidhi jukumu hilo kwa serikali kuu, na Januari 1974 posho inayoitwa SSI ikaanza kulipwa: dola 140 kwa mwezi kwa mtu mmoja.

Mwaka uliofuata Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka. Wakaja Marekani kama wakimbizi Wavietinamu, Wakambodia na Wahmong, ambao wengi wao walikuwa wamepigana vita vya siri vya Marekani katika milima ya Laos. Sheria ya Wakimbizi ya 1980, iliyosainiwa na Jimmy Carter, iliwawekea utaratibu wa kupokelewa, na mzee mkimbizi aliweza kupata SSI bila kuwekewa ukomo wa miaka.

Agosti 1996 mambo yaligeuka. Bill Clinton alisaini sheria iliyowanyima posho hiyo wengi wasio raia, na wakimbizi wakawekewa miaka mitano tu. Kilio kilikuwa kikubwa, na mwaka 1997 Bunge likaongeza hadi miaka saba. Waliokuwa tayari wakilipwa sheria ilipopitishwa walinusurika. Waliokuja baadaye waliambiwa: pata uraia, au posho ikome.

Hapo ndipo palipo na dhuluma. Mkimbizi huruhusiwa kuwa raia baada ya miaka mitano, kwa mtihani wa Kiingereza na wa historia ya nchi. Mwenye umri wa miaka 55 au zaidi husamehewa Kiingereza akiwa ameishi na ukaazi wa kudumu kwa miaka 15, wakati posho yake imeshakatwa siku nyingi. Daktari anaweza kumwombea msamaha mgonjwa, lakini uzee peke yake hautoshi, wala kutojua kusoma. Aliyefanya kazi kwa takriban miaka 10 naye huruhusiwa kuendelea kulipwa. Ajuza wa miaka 70 ataajiriwa na nani?

Wahmong waliopigana walisamehewa Kiingereza kwa sheria maalumu ya mwaka 2000. Mwaka 2008 George W. Bush alisaini nyongeza ya miaka miwili kwa wakimbizi wazee na wenye ulemavu waliotimiza masharti, ikaisha Septemba 2011. Tangu hapo ni miaka saba tena.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Baadhi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliishi katika kambi za Tanzania hadi Marekani ilipoanza kuwachukua kwa maelfu mwaka 2007. Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, pia Tanzania, wakafuata. Miongoni mwao wamo bibi na babu wasiowahi kukaa darasani.

Bunge la Marekani liondoe ukomo huu kwa wazee na wenye ulemavu. Nawe uliye na mzazi huko, usingoje barua ya kukatwa posho. Mwanzishie masomo mapema, ulizia msamaha wa daktari, na kumbuka kwamba maombi ya uraia hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia.