Kutoka Ingobyi hadi Mituweli: Historia Fupi ya Hifadhi ya Jamii Rwanda

Kila asubuhi nikielekea chuoni hapa Gisozi hupita Agakiriro, ambako maseremala huranda mbao na kupaka vitanda vanishi. Wengi wao hawana mwajiri wala hati ya mshahara. Swali la insha hii limetoka hapo: hifadhi ya jamii iliyoanzishwa kwa ajili ya wenye mishahara iliwafikiaje wasio na mishahara?

Kusaidiana hakukuanzishwa na serikali. Vijijini, mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, yaani machela ya kusukwa, na majirani walikuwa na vikundi vya kazi hiyo: leo unambeba wangu, kesho nambeba wako. Hifadhi rasmi ilipita njia nyingine. Chini ya Wabelgiji ililenga walioajiriwa, na baada ya uhuru wa 1962 iliendelezwa na Caisse Sociale du Rwanda, iliyosimamia pensheni na fidia za ajali kazini. Mkulima, ambaye ndiye alikuwa wengi, alibaki nje.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yaliharibu njia zote mbili. Ofisi zilivunjika, na jirani hakuaminika tena. Kwenye kumbukumbu ya Gisozi wamezikwa wahanga zaidi ya 250,000. Waliobaki walihitaji matibabu, ada za shule na nyumba. Mwaka 1998 ulianzishwa mfuko wa FARG kwa manusura wasiojiweza.

Kwa wananchi wengine, tatizo kubwa lilikuwa ugonjwa. Ada za matibabu ziliporudishwa mwaka 1996, idadi ya waliokwenda vituo vya afya ilishuka. Hivyo mwaka 1999 bima ya kijamii, mituweli, ilijaribiwa Byumba, Kabgayi na Kabutare. Mantiki yake ni ile ya ingobyi: wazima hulipa ili mgonjwa abebwe. Mwaka 2003 takribani asilimia 7 tu ya wananchi walikuwa na bima hiyo. Kufikia 2010 walizidi asilimia 90.

Ongezeko hilo halikuletwa na hiari peke yake. Kuanzia 2006 mchango ulikuwa faranga 1,000 kwa mtu kwa mwaka, na wafadhili walisaidia kuwalipia maskini. Sheria iliyotangazwa mwaka 2008 iliifanya bima kuwa lazima. Aidha, kaya ilitakiwa kuwalipia watu wake wote ndipo yeyote apate huduma. Kanuni hiyo ilizuia watu kuwalipia wagonjwa pekee, lakini ilizilemea familia kubwa: anayekosa mchango wa mtoto wa sita huwaacha nje na wale watano.

Mwaka 2011 michango iligawanywa kwa makundi ya Ubudehe: 2,000, ambayo maskini zaidi walilipiwa, 3,000 na 7,000. Usawa uliongezeka, lakini ugomvi nao ukaongezeka. Aliyepandishwa kundi alipoteza msaada ingawa shamba lake halikuongezeka. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye fundisho kuu: hifadhi ya jamii haipimwi kwa fedha tu, bali pia kwa uwezo wa kumjua jirani na kumhesabu kwa haki.

Mpango wa VUP, ulioanza 2008 katika sekta 30, uliongeza kazi za umma na ruzuku kwa wasioweza kufanya kazi. Desemba 2018 ikaja Ejo Heza, akiba ya uzeeni iliyo wazi hata kwa asiye na mwajiri.

Kwa kumalizia, seremala wa Agakiriro leo anaweza kutibiwa kituoni kwa ada ndogo akiwa na mituweli. Akizeeka, mambo ni tofauti. Pensheni yake inategemea anachoweka mwenyewe, na mwezi usio na mteja hauna cha kuweka. Ugonjwa tumejifunza kuubeba pamoja. Uzee bado kila mtu anaubeba mgongoni mwake. Kazi iliyobaki kwa kizazi chetu ni hiyo.