Askofu Steere wa Mkunazini

Edward Steere hakuja Afrika kukaa. Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, na mwaka 1850 alikuwa tayari daktari wa sheria wa Chuo Kikuu cha London. Uwakili akauacha, akawa kasisi wa kijijini huko Lincolnshire. Rafiki yake William Tozer alipopewa uaskofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu mwaka 1863, Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, kisha arudi zake.

Walianzia bara, kwenye Bonde la Shire, likawashinda. Agosti 1864 wakahamia Unguja, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokombolewa kutoka jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni. Mmoja wao, John Swedi, Steere alimpa ushemasi mwaka 1879.

Wakati huo Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Steere alitumia za Kilatini, na kwa kuwa kazi ya uchapaji aliijua kwa mikono yake, aliwafundisha vijana wale kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume. Mmisionari Krapf alikwisha kuandika sarufi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Steere akashika Kiunguja, lahaja ya Unguja. Mwaka 1870 akatoa vitabu viwili: mwongozo wa lugha, na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ule wa pili. Mimi nakipa uzito hicho cha hadithi. Sarufi mgeni mwenye kichwa ataitunga. Lakini kisa cha Sultani Darai, na yule paa aliyelipwa ubaya kwa wema wake, hakipatikani mpaka mwenyeji akae kitako asimulie, na msomi wa London anyamaze.

Juni 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo, Mkunazini. Steere, askofu tangu 1874, aliusimamia ujenzi mwenyewe, na paa la kanisa ni matumbawe yaliyopondwa na saruji. Husimuliwa kwamba aliporudi safari moja alikuta mafundi wamesimamisha nguzo kichwachini, akaziacha hivyo hivyo. Watembeza wageni hawakichoki kisa hiki. Safari zenyewe hazikuwa za mchezo: mwaka 1875 alikwenda hadi kwa Mataka, mmoja wa wafalme wa Wayao, na 1876 akawapeleka watu waliokombolewa utumwani bara, wakaweka makazi Masasi.

Alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare. Kiunguja alichokishika kikaendelea: Biblia nzima ya lahaja hiyo ikatoka 1891, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ukifika Mkunazini zitazame hizo nguzo, lakini ukirudi nyumbani zitafute zile hadithi.