Mchango wa Wiki Saba

Watu wa rika langu tukitaja mali ya umma, aghalabu tunafikiria kisima, barabara ya kijiji au darasa. Programu ya kompyuta hatuihesabu. Hata hivyo, katika historia ya michango upo mfano mmoja unaostahili kutazamwa na kila aliyewahi kushika daftari la kamati. Ulitokea Uholanzi mwaka 2002.

Blender ni programu ya kuchorea picha zenye kina na kutengenezea filamu za katuni. Mwanzilishi wake ni Mholanzi, Ton Roosendaal. Kampuni yake, Not a Number, iliyoundwa mwaka 1998, iliwagawia watu programu hiyo bure, ikitarajia kupata faida kwa kuuza bidhaa na huduma za ziada. Mwaka 2000 wawekezaji waliitilia kampuni hiyo yuro milioni 4.5, lakini mauzo hayakuridhisha. Mapema mwaka 2002 wawekezaji waliifunga, na kwa kuwa haki za programu zilikuwa mikononi mwao, watumiaji walibaki na chombo ambacho hakuna fundi wa nje aliyeruhusiwa kukitengeneza.

Machi 2002 Roosendaal aliunda asasi isiyo ya kibiashara, Blender Foundation. Julai mwaka huohuo alikubaliana na wawekezaji kwamba wakilipwa yuro 100,000 wataiachia programu. Watumiaji wakaombwa kuchanga. Fedha zilitimia kwa muda wa wiki saba tu. Tarehe 13 Oktoba 2002, maandishi ya ndani ya programu, yale ambayo mafundi huyaandika ili kompyuta ipate kutii, yaliwekwa wazi kwa watu wote chini ya leseni ya GNU GPL.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Wachangiaji hao walinunua nini? Hawakupewa hisa wala gawio. Programu yenyewe walikwisha kuizoea. Walichonunua ni uhakika kwamba haitafungwa tena. Leseni ile humruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, kwa sharti kwamba akigawa aliyoibadilisha, naye aiache wazi vilevile. Watu wa pwani wataelewa upesi: inafanana na mali iliyowekwa wakfu, inayofaidi wengi, wala hapana mrithi awezaye kuifanya yake peke yake.

Lakini kukomboa mali si kuitunza. Nilianza ualimu miaka ya sabini, vijiji vilipokuwa vikijenga madarasa kwa nguvu zao. Baadaye, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwatembelea wanachuo wangu katika madarasa hayo walipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilijifunza jambo moja: siku ya kubeba matofali kijiji kizima hujitokeza, siku ya kuchangia chaki hujitokeza wazee watatu.

Blender nayo ilikutana na swali la chaki. Mafundi wengi walijitolea, ila aliyejitolea usiku ana ajira yake mchana. Ikabuniwa njia nyingine: watumiaji walinunua mapema diski za filamu fupi ambayo ilikuwa bado haijakamilika, na kazi ya kuitengeneza ikawa pia kazi ya kuiboresha programu. Filamu ya kwanza, Elephants Dream, ilitoka mwaka 2006. Baadaye ukaanzishwa mfuko wa maendeleo, unaochangiwa na watu binafsi na makampuni ili mafundi walipwe mishahara. Mwaka 2019 kampuni ya Epic Games ilitoa ahadi ya dola milioni 1.2.

Fedha kubwa namna hiyo hunifurahisha na kunitia wasiwasi pia. Anayelipa bati zote za paa hatakawia kutaka kuchagua mwalimu. Kinga ni mbili: leseni, kwa kuwa kilichokwisha kutolewa kwa watu wote hakirudishwi kabatini, na wingi wa wachangiaji wadogo, ili mkubwa mmoja akiondoka kazi isisimame.

Machi 2025 filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia na kutengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Kijana anayeichukua programu hiyo leo haulizwi risiti. Waliochanga mwaka 2002 walikwisha kumlipia mlango. Mishahara ya mwezi ujao, hata hivyo, bado ni ya kuchangwa.