Kongwa: Mnara wa Nani?

Anayepita Kibaigwa kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma huijua kwa magunia ya mahindi na malori yanayosubiri zamu sokoni. Lakini mji huu umo wilayani Kongwa, ambako tangu 1964 kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel alisimamia mafunzo hapa miaka kumi na zaidi kabla ya kuwa rais wa Msumbiji. Chris Hani wa ANC naye alipita hapa. Wengine hawakuondoka, na makaburi yao yapo. Leo, Tanzania inapohimiza kuhifadhi urithi wa ukombozi wa Afrika, swali linalostahili kuulizwa ni mnara wa Kongwa umtukuze nani. Ukiishia kwa makamanda, utakuwa umesimulia nusu tu ya habari.

Kwa nini Kongwa, iliyo mbali mno na mto Ruvuma mpakani mwa Msumbiji? Jibu limo katika kisa cha karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori la hapa Ugogo ili walime karanga za kukamulia mafuta. Mvua haikufuata hesabu za London, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36. Yaliyobaki ni majengo, na stesheni ya reli isiyo na treni. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilipoundwa 1963 na kuweka makao yake Dar es Salaam, wapiganaji walihitaji mahali pa kukaa. Mahame ya mkoloni yakageuka ngome ya kumng'oa mkoloni.

FRELIMO walianza vita tarehe 25 Septemba 1964. Kundi la kwanza la SWAPO liliondoka Kongwa 1965, na tarehe 26 Agosti 1966 risasi zikalia Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia. Kwa ANC mambo yalikuwa magumu zaidi: njia ya kurudi kwao ilizibwa na Rhodesia na makoloni ya Wareno, basi vijana wakangoja. Kungoja huko, jambo ambalo minara haipendi kulichonga, ndiko kulikowaingiza kwa wenyeji. Walijifunza Kiswahili, wakacheza mpira na vijana wa hapa, wakapata wapenzi, wakazaa watoto. Mama wa Kigogo aliyebaki na mtoto wa mpiganaji alibeba sehemu ya vita hivyo bila cheo wala bunduki.

Atatokea wa kusema kwamba wenyeji hawakuulizwa, kwamba serikali ndiyo iliyoamua. Ni kweli. Lakini mgeni akikaribishwa na baba mwenye nyumba, anayemlisha ni aliyeko jikoni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpiganaji alitoa roho yake, mwenyeji hakutoa. Kwa hilo makaburi yanastahili heshima ya kwanza, nami sipendekezi kuyagusa. Ninachopinga ni kuwaacha wenyeji nje ya maandishi, pamoja na habari isiyopendeza ya akina baba walioondoka wasirudi. Makaburi yawe Kongwa, kwa waombolezaji. Ubao wa wenyeji uwekwe Kibaigwa, mbele ya soko, usomwe na wanaoleta mahindi.