Men Up: filamu ya wanaume wa Swansea waliojaribu Viagra mbele ya watu wengine

Men Up ni filamu ya televisheni ya Uingereza. BBC iliionyesha mara ya kwanza tarehe 29 Desemba 2023, na inachukua karibu saa moja na nusu. Inaeleza habari ya wanaume watano wa mji wa Swansea, kusini mwa Wales, ambao mwaka wa 1994 wanakubali kujaribiwa dawa ambayo bado haijapata hata jina la kuuzia. Dawa yenyewe ndiyo ile watu wa dunia nzima leo wanaita Viagra.

Jina hilo likitajwa, watu wanacheka kwanza. Filamu nayo inachekesha, tena sana. Kisha inaonyesha kitu ambacho si cha kucheka: mwanaume anayelala kando ya bibi yake usiku kwa usiku, akimpa mgongo, juu anaogopa kuguswa. Ugonjwa wake una dawa, lakini hakuna munganga anayeweza kumsaidia kama yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

Wanaume watano, siri tano

Hadithi iliandikwa na Matthew Barry na kuongozwa na Ashley Way. Russell T Davies, mwandishi wa tamthilia anayejulikana sana Uingereza na mwenyewe mtoto wa Swansea, alikuwa kati ya wakubwa wa utayarishaji. Wahusika ni wa kubuni, lakini jaribio la dawa lilifanyika kweli.

Meurig, anayechezwa na Iwan Rheon, bado ni mwanaume wa umri wa nguvu. Bibi yake Ffion amepitia kansa ya titi. Kila mmoja anabeba maumivu yake, na kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye hamtaki tena. Colin, anayechezwa na Steffan Rhodri, alifiwa na bibi yake. Sasa amepata mwanamke wa kuongea naye kwa simu, na anaogopa siku ya kuonana. Eddie na Pete nao wana nyumba ambamo neno moja limekatazwa kutamkwa. Wa tano ni Tommy, anayechezwa na Paul Rhys. Yeye anapenda wanaume wenzake, na jaribio lilipokea tu wanaume wanaopenda wanawake. Ili apate dawa, Tommy anaongeza siri juu ya siri.

Watu hao hawakujuana. Wanakutana hospitalini, wamekaa kwenye viti, macho chini, kila mmoja akijifanya amekuja kwa jambo lingine. Hapo ndipo filamu inapata joto lake. Pole pole mmoja anasema, mwingine anajibu, na wanagundua kumbe yale waliyoona ni aibu ya mtu mmoja yako kwa wote watano. Muuguzi Moira, anayechezwa na Joanna Page, anawapokea bila kuwacheka na bila kuwahurumia kupita kiasi. Kwa wengine kati yao, ni mara ya kwanza mtu kuwauliza swali hilo kwa sauti ya kawaida.

Kabla ya kidonge

Miaka mingi wanganga wenyewe walifikiri kwamba karibu kila mwanaume anayeshindwa ana shida ya mawazo tu. Matibabu yalikuwa machache, na hayakuvutia mtu: pampu ya kuvuta damu, kifaa cha kupandikizwa kwa upasuaji, ao sindano ya kujichoma kwenye uume. Mwaka wa 1983, mtaalamu wa Uingereza Giles Brindley alisimama mbele ya wanganga wenzake kwenye mkutano huko Las Vegas, Marekani. Alikuwa amejichoma sindano mwenyewe kabla ya kuingia, na akawaonyesha matokeo hadharani. Watu walishangaa, wengine walikasirika, lakini siku hiyo wengi walielewa kwamba jambo hili linahusu mishipa na damu, si akili peke yake.

Mwaka ule ule wa 1994, uchunguzi mkubwa uliofanywa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulitangaza kwamba kati ya wanaume wa miaka 40 hadi 70, asilimia 52 walikuwa na shida hii kwa kiasi fulani, kidogo ao kikubwa. Ni zaidi ya nusu. Wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu.

Dawa ya kifua iliyogeuka

Sildenafil, ndilo jina la kitaalamu la dawa, haikutafutwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Wataalamu wa kampuni ya Pfizer, katika maabara yao ya Sandwich, kusini mashariki mwa Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayokuja wakati moyo haupati damu ya kutosha. Walitaka kitu cha kupanua mishipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliijaribu kwa wanaume wenye afya nzuri, wengine huko Merthyr Tydfil, mji wa Wales uliozoea kazi ya makaa ya mawe na chuma. Kwa moyo, dawa haikuleta faida kubwa. Ila wale waliojitolea walipoulizwa kama wameona mabadiliko yoyote mwilini, baadhi yao walisema, kwa haya, kwamba uume unasimama mara nyingi kuliko kawaida. Neno hilo lingeweza kuandikwa pembeni na kusahauliwa. Wataalamu walilifuata, na kazi nzima ikabadilisha njia.

Hospitali ya Morriston, 1994

Baada ya hapo walihitajika wanaume wenye shida yenyewe. Majaribio ya kwanza yalifanyika Bristol na Swansea. Katika hospitali ya Morriston, Swansea, kazi iliongozwa na Dokta David Price, mtaalamu wa ugonjwa wa sukari. Si ajabu kwamba munganga wa sukari ndiye alihusika: sukari nyingi ndani ya damu inaharibu mishipa midogo na mishipa ya fahamu, na kwa wanaume wengi dalili inaonekana chumbani.

Jaribio la namna hii lina sheria zake. Wengine wanapewa dawa ya kweli, wengine kidonge cha bure kinachofanana nayo kabisa, na hakuna anayejua amepewa kipi, hata munganga anayemhudumia. Wagonjwa waliwekwa ndani ya chumba, wakavalishwa kifaa cha kupima, wakaonyeshwa video za kuamsha hamu. Filamu inatumia vizuri hali hiyo: baba mzima, amekaa peke yake na waya, anasikia nyayo za muuguzi nyuma ya mlango. Mtazamaji anacheka, lakini pia anaelewa ni ujasiri gani ulihitajika kuingia mle.

Inafanya kazi namna gani

Mwanaume akipata hamu, mishipa ya fahamu inatoa ndani ya uume gesi kidogo iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hiyo inaamsha kitu kingine kinacholegeza mishipa ya damu. Damu inaingia kwa wingi, na uume unasimama. Kisha mwili una kimeng'enya kinachovunja kile kitu, na kila kitu kinarudi chini. Sildenafil inazuia hicho kimeng'enya kwa saa kadhaa.

Maana yake ni kwamba dawa haileti hamu. Mtu asiye na hamu anaweza kumeza na asione kitu. Haiongezi uzazi, wala haiwezi kuponya ugomvi wa bwana na bibi. Filamu inalisema hilo bila kuhubiri: kuna nyumba ambamo kidonge kinafanya kazi, lakini maneno ambayo hayajasemwa yanabaki palepale mezani.

Wataalamu watatu wa Marekani waliogundua kazi ya oksidi ya nitriki mwilini, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1998.

Tangu 1998

Mwaka huo huo, tarehe 27 Machi, Marekani iliruhusu Viagra kuuzwa, na Ulaya ikafuata mwezi wa Septemba. Bob Dole, seneta aliyegombea urais wa Marekani mwaka wa 1996, alisema wazi kwenye televisheni kwamba baada ya kupasuliwa kwa kansa ya tezi dume, yeye mwenyewe alikuwa kati ya waliojaribu dawa hiyo. Mzee wa vita, mtu wa heshima, anasema hadharani: watu wengi walipata nguvu ya kuuliza. Uingereza, kwa kuogopa gharama, serikali iliweka mpaka juu ya nani apewe na hospitali za umma. Wenye sukari waliwekwa kwenye orodha ya kupewa.

Kipindi cha kampuni kutengeneza peke yake kiliisha Uingereza mwaka wa 2013, na bei ikashuka. Tangu 2018, huko mtu anaweza kuinunua farmasi bila karatasi ya munganga, ila mwenye farmasi anamuuliza maswali kwanza. Dawa ile ile inatumika pia kwa ugonjwa wa shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu, hata kwa wanawake. Kazi ya mishipa iliyotafutwa tangu mwanzo haikupotea yote.

Ya kuangalia kwa mwenye kutumia

Maswali yale ya mwenye farmasi yana sababu. Sildenafil pamoja na dawa za moyo za aina ya nitrati, kama trinitrini, inaweza kushusha tansio ghafla hata mtu akafa. Ndiyo maana kuimeza kwa siri ni hatari: ikitokea mgonjwa ameanguka na maumivu ya kifua, na hakuna anayejua alichomeza, munganga anaweza kumpa dawa ya kumuua. Uume ukibaki umesimama zaidi ya saa nne, ni hospitali moja kwa moja. Vidonge vya kuigiza vinauzwa nchi nyingi, na mara nyingi unga unaoitwa wa mizizi tupu umekutwa na sildenafil ndani yake, bila kipimo. Kwa hiyo anayesema "mimi natumia dawa ya asili tu" anaweza kuwa amekunywa kitu kile kile.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume wa Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo wanapaswa kulijua, hata wasioiona filamu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo. Ikianza kuziba, shida inaonekana chini kwanza, wakati mwingine miaka michache kabla ya moyo kulalamika. Mwanaume anayenunua kidonge njiani na kunyamaza anazima taa ya hatari bila kuangalia gari lina nini. Akienda kituo cha afya, swali la kwanza litakuwa la tansio na la sukari ndani ya damu. Ni vipimo viwili vya dakika chache.

Na kama inawezekana, aende na bibi yake. Mara nyingi mama wa nyumba amekwisha kujua. Anangoja tu baba aanze kusema.