Kengele ya Frere Town na Imani ya Wasio na Mali



Kabla ya hesabu za mwaka kusomwa, ni desturi yetu kuwakumbuka waliotutangulia. Safari hii twaandika juu ya jambo lililo mioyoni mwa wengi, yaani, mtu aliyepungukiwa na fedha, hata akakosa karo ya watoto na ada ya chama, amtegemee Mungu kwa namna gani? Jibu hatukulitafuta mbali. Liko hapa hapa Nyali na Kisauni.

Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza, CMS, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosina alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata kwa siku chache. Wakazikwa upande huu wa bara, mahali paelekeapo mji. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, wala hakuwa na mwamini hata mmoja wa kumwonyesha aliyemtuma. Hata hivyo hakurudi kwao. Mwaka wa 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianza kazi Rabai, na Rebmann akakaa huko mpaka mwaka wa 1875, macho yakiwa yamepofuka na waumini wakiwa wachache mno. Walipanda bila kuyaona mavuno.

Mwaka ule wa 1875 ndipo Frere Town ilipoanza, ikapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa kwa Sultani wa Unguja mwaka wa 1872 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Waliokaa hapo ni watu waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza, pamoja na Waafrika waliolelewa karibu na Nasik, Bara Hindi, ambako walifundishwa dini na kazi za mikono. Hebu tufikiri hali yao. Hawakuwa na shamba la urithi, wala mjomba wa kukopesha, wala ukoo wa kuzika. Wengi hawakuijua hata njia ya kurudi makwao. Ikawa jirani ndiye ndugu. Kengele ilitundikwa, na hatari ya watekaji ilipokaribia ililia, kila mtu akajua kwamba aitwa. Kwa sababu hiyo njia panda ile yaitwa Kengeleni hata leo.

Baadaye watumwa wengi waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni. Wenye mashamba walikasirika, ikawa karibu vita. Ndipo George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alipopatana nao walipwe riale 25 kwa kila mtu, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Fedha hiyo ilitoka kwa wengine. Wao wenyewe wasingaliweza kuilipa. Lakini hati hailiwi. Kesho yake ilibidi waliolipiwa washike jembe.

Katika hao wasio na mali Mungu alijiinulia watumishi. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler, wakawa mashemasi. Wote wawili walikuwa wameuzwa utumwani utotoni. Tena mwaka wa 1903 kilianzishwa Frere Town chuo cha wahubiri, ambacho mwaka wa 1930 kilihamia Limuru na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo.

Basi twajifunza nini? Kumtegemea Mungu si kukaa kitako tukingoja mkate ushuke. Wazee hawa waliomba, wakalima, waliomba, wakajenga. Wala si kweli kwamba mwenye imani hapatwi na dhiki, maana kaburi la Rosina latukanusha. Tena, msaada wa Mungu mara nyingi huja kwa mkono wa mtu. Asemaye "Mungu atakusaidia" huku amefumba mkono wake, amelitaja bure jina la Mungu.

Haya twayasema kwa sababu. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mahoteli kuanzia Nyali hadi Bamburi, wenzetu wengi walipoteza kazi. Wengine wamesimama tena. Wengine bado wana deni la ada, na kwa aibu hawaji mikutanoni. Mkutano Mkuu utaulizwa kama majina yao yafutwe. Kanuni yaruhusu, nasi twajua kwamba mfuko usiotiwa kitu hauziki mtu. Walakini twawasihi wazee: wasifutwe. Waitwe, walipe kidogo kidogo, na asiye na shilingi atoe siku yake ya kazi.

Kengele ya Frere Town haikuuliza nani amelipa ada. Ililia, watu wakaja. Mungu atujalie nasi tuisikie.