Kipande na Umri wa Kijana

Kila dola hupima umri wa watu wake kwa mizani yake yenyewe, na mara nyingi mizani hiyo huelemea upande mmoja: kijana huhesabiwa mtu mzima anapotakiwa kutoa, akahesabiwa mtoto anapotaka kupewa. Historia ya kitambulisho katika Kenya yaonyesha jambo hili waziwazi.

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa na kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mvulana akimtoroka bwana wake, kipande kilisaidia kumtafuta. Basi alikuwa mtu mzima wa kutumikishwa na kushtakiwa, lakini hakuwa na kura. Hata katika mwaka wa uhuru, 1963, mpiga kura alitakiwa awe ametimiza miaka 21. Umri huo ulishushwa hadi 18 mwaka 1974. Wanawake waliingizwa katika sheria ya vitambulisho mwaka 1978, na mwaka 1980 umri wa kitambulisho nao ukawa 18. Katika maandishi, mizani ikasawazika.

Katika Elwak haikusawazika. Mji huu wa Mandera, ambao jina lake kwa Kisomali lina maana ya kisima cha Mungu, uko kando ya mpaka uliowekwa Waingereza walipowapa Waitalia Jubaland mwaka 1925. Mpaka huo uligawa malisho na koo. Vita vya shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, vilizidisha shaka ya serikali juu ya wakazi, na mwaka 1989 Wakenya Wasomali waliamriwa kuthibitisha uraia wao upya. Desturi ya kuwachuja watu ikabaki. Kijana wa mpakani aliyetimiza miaka 18 alisimama mbele ya wazee na maofisa, akaulizwa ukoo wake na kwao babu yake. Mwenzake wa Nyeri hakupitishwa katika tanuri hiyo. Asiyekubaliwa hakuweza kupiga kura wala kufungua akaunti benki, na kila kizuizi cha polisi barabarani kilikuwa hofu kwake.

Katika Garissa yalitokea mazito zaidi. Wakati wa ukame, wazazi wengine Wakenya waliwaandikisha watoto wao kuwa wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula. Watoto hao walipokua, alama za vidole vyao zilionekana katika daftari la wakimbizi, wakanyimwa vitambulisho. Hawakuulizwa walipoandikwa, waliulizwa walipokwisha kukua.

Haikatazwi serikali kulinda mpaka, wala hekima ya wazee haidharauliwi, kwani kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini ushahidi wa mzee haupasi kugeuka ruhusa ya mzee. Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi kwa sababu ya umri na ya asili pia, na mwezi wa Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uchujaji huo. Tangazo hilo litapimwa katika ofisi ya Elwak, siku kijana wa miaka 18 atakapoulizwa yale tu anayoulizwa mwenzake wa Nyeri.